Sala kwa sauti ya nyanya: maandiko ya Kibahai na nyimbo za nyumbani

SEHEMU YA 1

Niliwaambia mfululizo wetu wa nyimbo za kubembeleza watoto haujaisha. Leo naleta historia kidogo, na ni ndefu, kwa hivyo nyonyesha kwanza, mtoto akilala ndio usome.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika wadi ya watoto njiti, hospitali moja huku magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda. Mama mmoja Mteso alikuwa amemfunga mwanawe kifuani kwa mtindo wa kangaruu. Mtoto hata kilo moja na nusu hakuwa amefikisha. Mama akawa anaimba kwa sauti ya chini: mstari mrefu, halafu kakipande kafupi anachokirudia, halafu mstari mwingine mrefu kuliko wa kwanza, na kale kakipande tena. Nikamwendea nikamwambia, "Mama, hapa hatuimbi. Watoto wanataka utulivu."

Akanyamaza. Akasema tu, "Pole, sista. Nilikuwa namwombea."

Sheria ninayo. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa watoto kule Marekani wamependekeza kelele ya wadi ya njiti isizidi desibeli 45. Lakini kelele inayosemwa ni kengele za mashine, milango inayobamizwa, na sisi wauguzi tunaoitana kutoka pembe hii hadi ile. Mama anayemwimbia mwanawe aliye chini ya kidevu chake si kelele ya namna hiyo. Nilimnyamazisha yeye, na ile mashine iliyokuwa ikilia pembeni nikaiacha iendelee.

Asubuhi nikipima joto nikamuuliza, wimbo wa jana ni wa kanisa gani? Akasema si wa kanisa. Ni sala ya Kibahai. Maneno ni maandiko yenyewe, alifundishwa kwenye darasa la watoto kijijini akiwa mdogo. "Na sauti ni ya nyanya yangu," akasema. "Alikuwa anaimba hivyo akipalilia."

Mimi si Mbahai, nisije nikaulizwa. Lakini jibu hilo lilinikaa. Maandiko yaliyotoka Uajemi yalifikaje kwenye sauti ya nyanya wa Kiteso aliyekuwa akipalilia? Nikaanza kusoma.

SEHEMU YA 2

Tuanzie Uajemi, yaani Iran ya leo. Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini ya Kibahai, alizaliwa Tehran mwaka 1817. Alifukuzwa kwao, akahamishwa kutoka mji hadi mji katika milki ya Waturuki, mwisho akafungwa Akka, mji wa pwani ulio Israel ya leo. Akiwa huko, yapata mwaka 1873, aliandika Kitáb-i-Aqdas, kitabu cha sheria cha Wabahai.

Ndani yake kuna mambo mawili yanayotugusa. Kwanza, kusikiliza muziki na kuimba kumehalalishwa, mradi tu usikutoe mtu kwenye heshima. Unaweza kuona ni jambo dogo, ila katika Uajemi wa wakati ule wanazuoni wengi waliutazama muziki kwa jicho baya. Akina mama wa Mombasa na Lamu hili mnalijua, maana hata maulidi yetu yana watu wanaopenda matari na wengine wanaoyakataa. Pili, wazazi wanaambiwa wawafundishe watoto wao maandiko ili wayasome kwa sauti tamu katika nyumba za ibada. Soma tena hapo: wanaambiwa wazazi. Kazi ya kuyapa maneno sauti iliwekwa mapajani petu kabla ya kufika kwenye kwaya yoyote.

Lakini sauti gani? Hapo kitabu hakisemi. Wabahai hawana mahadhi rasmi ya sala zao. Waajemi waliomba kwa mahadhi waliyokuwa nayo tayari. Katika waumini wa mwanzo alikuwapo Mírzá 'Abdu'lláh (1843 hadi 1918), mpigaji wa ala za nyuzi za Kiajemi ziitwazo tar na setar. Ndiye aliyepanga na kufundisha mkusanyo mkubwa wa mahadhi ya jadi unaoitwa radif, ambao wanafunzi wa muziki Iran wanaukariri mpaka leo. Ukiuangalia mkusanyo huo unakuta vipande vyenye majina ya watu na mikoa, kama Bakhtiari, ambao ni wafugaji wa milimani, au Gilaki, watu wa pwani ya kaskazini. Kwa hiyo hata huo muziki unaoitwa wa kitaalamu una sauti za wachungaji na wakulima ndani yake. Ukimsikia Mwajemi akighani sala, unasikia pia na nyanya zake.

SEHEMU YA 3

Sasa twende Kampala.

Mwaka 1951 Mwajemi aitwaye Musa Banani alihamia Kampala na familia yake. Mwaka huohuo mama mmoja Mjerumani, Claire Gung, alifika Tanganyika, na miaka ya baadaye aliendesha shule ya nasari hapo Kampala. (Nampenda huyu mama bila kumjua. Kila historia ya dini ina wahubiri wengi na mtu mmoja wa nasari, na wa nasari ndiye watoto wanamkumbuka.) Mwaka 1952 akajiunga kijana wa Kiteso, Enoch Olinga, aliyewahi kuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa mfasiri serikalini. Miaka mitano baadaye, akiwa na umri wa miaka 31, aliwekwa katika kundi dogo la viongozi wa juu wa dini hiyo duniani. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba alikuwa mfasiri. Kabla sala haijaimbwa Kiteso au Kiganda, lazima mtu aketi na kila neno alitafutie mwenzake.

Halafu kuna mwaka 1955. Wabahai walikusudia kujenga nyumba ya ibada Tehran. Mwaka huo wakaandamwa Iran nzima, na kuba la kituo chao Tehran likabomolewa. Shoghi Effendi, aliyekuwa akiwaongoza kutoka Haifa, akaamua nyumba ijengwe Kampala badala yake. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1957 kabla jiwe la msingi kuwekwa. Liliwekwa Januari 1958 kwenye kilima cha Kikaya, na milango ikafunguliwa Januari 1961. Ukipita Kampala utaliona kuba lake la kijani na milango tisa kuzunguka.

Nyumba hiyo ina kanuni zake: hakuna mahubiri, hakuna picha, hakuna ala ya muziki. Kinachosomwa au kuimbwa ndani ni maandiko matakatifu peke yake, kwa sauti ya binadamu tupu. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilisikitika. Nikasema, basi ngoma zimefukuzwa tena! Wazazi wetu si waliambiwa ngoma ni za shetani? Akogo ya Wateso, amadinda ya Waganda, vyote vikae nje?

Baadaye nikaona kuna tofauti. Kinanda nacho kimeachwa nje. Hakuna ala ya kizungu iliyopewa kiti huku ya kwetu ikiambiwa isubiri mlangoni. Na kijijini, kwenye mikutano ya nyumbani, hakuna anayekataza ngoma. Kinachoingia ndani ya kuba ni koo la mtu na mahadhi aliyozaliwa nayo.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha, kwa sababu linahusu kazi yetu ya kulaza watoto. Sala hizi si mashairi ya beti. Ni nathari: sentensi moja ina maneno matano, inayofuata ina ishirini na tano. Huna ruhusa ya kukata maneno ya maandiko au kuongeza ya kwako ili vina vikae sawa. Sasa ichukue sentensi ya namna hiyo uiweke kwenye wimbo wa kitabu cha tenzi, wenye mistari minne iliyopimwa. Haiingii! Ama utayakimbiza maneno kama mtu aliyechelewa gari, ama utavuta silabi moja mpaka pumzi iishe.

Lakini nyimbo za bibi zetu zilitungwa vingine. Mmoja anatoa, wengine wanaitikia. Anayetoa yuko huru: mstari wake ukiwa mrefu atauchukua wote kwa pumzi moja karibu na kusema, ukiwa mfupi ataupamba. Waitikiaji wanangoja tu zamu yao, kakipande kalekale, na hako ndiko kanakoshika wimbo usianguke. Nathari inakaa humo bila kukatwa hata neno. Ndicho nilichosikia usiku ule wadini. Yule mama alikuwa anatoa na kuitikia mwenyewe, kwa sababu mwanawe alikuwa bado hana sauti ya kuitikia.

Niwamalizie ya Kampala, ingawa ni nzito. Septemba 1977 serikali ya Idi Amin ilizipiga marufuku dini kadhaa, Ubahai ukiwemo. Nyumba ya Kikaya ikafungwa. Aprili 1979 Amin akaanguka na ibada ikarudi. Tarehe 16 Septemba mwaka huo Enoch Olinga akauawa nyumbani kwake Kampala, pamoja na mke wake na watoto wao watatu. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na bado sijui niiandikeje, kwa hivyo naiacha ilivyo.

Mtoto aliyekuwa na miaka sita marufuku ilipotangazwa alikuwa anakaribia minane ilipoondolewa. Kwa umri wa kushika nyimbo, karibu miaka miwili ni muda mrefu sana. Sheria inaweza kufunga mlango na kukusanya vitabu. Mama akiwa jikoni na sufuria, nani atajua kama anachokiimba ni sala au ni wimbo wa kupalilia, ikiwa mahadhi ni yaleyale?

SEHEMU YA 4

Wengine mmeniuliza kama ni Wabahai tu waliofanya hivi. Hapana. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake walitoa Missa Luba, misa ya maneno ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo, na sahani yake ikasikika dunia nzima. Mwaka 1964 oratorio ya Mganda Joseph Kyagambiddwa kuhusu Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma walipotangazwa watakatifu. Ni kizazi kilekile, kilichochoshwa na maneno ya kwetu kuvalishwa koti la kigeni lisilofunga vifungo.

Kwamba halifungi si mzaha. Kiganda ni lugha ya toni. Ukipandisha sauti pale ambapo neno linataka ishuke, umelivuruga. Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo. Sema barabara ya kupita magari, kisha sema kazi imefanywa barabara, kwa wanaoyatofautisha. Herufi ni zilezile, mkazo umehama. Wimbo wa kigeni ukiweka mkazo pasipo pake, mtoto anakariri sauti na maana inampita. Mahadhi yaliyozaliwa ndani ya lugha hayamtendei hivyo, maana yalijifunza kutembea pamoja na maneno yake.

Siku hizi nyumba za namna hiyo zipo jirani. Ya Matunda Soy, hapa kwetu magharibi mwa Kenya, ilifunguliwa Mei 2021, na ya Kinshasa Machi 2023. Matunda Soy iko katika nchi ya isukuti na litungu, kwa hiyo unaweza kukisia ni koo za namna gani zinaingia mle.

Sasa ya kwetu wauguzi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa watoto njiti 272 katika hospitali 11. Wazazi waliulizwa wimbo wowote wenye maana kwao, wa dini, wa ukoo, hata wa redio, nao ukapunguzwa kasi ukafanywa wa kubembeleza. Nyimbo hizo za wazazi wenyewe zilihusishwa na wasiwasi wa wazazi kupungua. Kwa hiyo ukiwa na njiti kifuani, imba. Imba chini, polepole, karibu na sikio lake, na mtoto akikunja uso au akigeuka, pumzika kwanza. Sala ya dini yako, iwe ipi, iweke kwenye sauti uliyoisikia kwenu. Ukiwa na haya kwamba sauti hiyo ni ya shambani, kumbuka ile ya Wabakhtiari.

Yule mama nilimwomba radhi asubuhi ileile. Akasema si neno. Miezi kadhaa baadaye alirudi kliniki, mtoto ana mashavu, kilo tano na ushee. Nikamwambia, leo nifundishe kale kakipande ka kuitikia. Akanifundisha, maneno matatu ya Kiteso. Nikajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Akacheka mpaka mtoto akashtuka. "Sista," akasema, "unaitikia kama ile mashine yenu."

Basi nikanyamaza mimi, akaimba yeye.