Kabla Hesabu ya CD4 Haijashuka: VVU na Udhaifu wa Seli T

Kinga ya mtu anayeishi na VVU imezoeleka kusomwa kwa namba moja, yaani idadi ya seli T za CD4 katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200, hali ni ya hatari. Zikiwa 600, mgonjwa na daktari hutulia. Makala haya yanapinga utulivu huo, kwa sababu VVU huvuruga kazi ya seli T mapema, hesabu ikiwa bado nzuri. Mwaka 1989 Mario Clerici na wenzake nchini Marekani walichunguza seli za watu walioambukizwa lakini wasio na dalili. Seli za baadhi yao ziliitikia kemikali ya kuziamsha, ila zilipopewa antijeni za virusi vya mafua, hazikuitika. Kumbukumbu ya kinga ndiyo iliyotangulia kupotea.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi kwenye kifua kikuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba kasi ya ugonjwa huo iliongezeka takriban maradufu ndani ya mwaka wa kwanza tu wa maambukizi ya VVU, wakati ambapo CD4 za wengi huwa bado nyingi. Sehemu kubwa ya maelezo ilipatikana Mbeya. Huko Christof Geldmacher na wenzake waliona seli za CD4 zinazotambua bakteria wa kifua kikuu zikitoweka mapema, ilhali zile zinazotambua virusi vya saitomegalo zilibaki. Za kwanza hutoa kwa wingi intalukini-2, protini ya kuamsha seli za kinga, na huambukizwa kwa urahisi. Za pili hutoa MIP-1β, protini inayoziba kipokezi cha CCR5 ambacho VVU hupitia kuingia ndani ya seli. Jumla ya kuridhisha, kwa hiyo, yaweza kuficha pengo la hatari.

Msomaji makini atasema hilo nalo ni suala la idadi: seli zimekufa, hazikudhoofika. Ni hoja nzito, lakini haitoshi. Mwaka 2006 watafiti waliochunguza wagonjwa wa Durban walikuta seli T za CD8, aina nyingine ya seli T, zinazolenga VVU zipo, ila zimebeba kwa wingi PD-1, protini inayozizuia kufanya kazi. Njia ya PD-1 ilipozibwa maabara, zilizaliana na kuitika upya. Zilikuwa hai, zimechoshwa na virusi visivyoondoka.

Wengine watatetea kipimo chenyewe, na kwa haki: hakuna njia rahisi zaidi ya kumtambua mgonjwa aliyezidiwa. Lakini kumtambua aliyezidiwa si sawa na kumhakikishia mwingine usalama. Jaribio la TEMPRANO la Côte d'Ivoire, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba kuanza mapema dawa za kufubaza virusi kulipunguza magonjwa makali na vifo hata kwa waliokuwa na CD4 zaidi ya 500, na kwamba isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, iliongeza kinga yake juu ya hapo.