Ncha ya fimbo: toka chuma mpaka mpira

Fimbo ya kutembelea inagusa chini kwa ncha yake tu. Ile ncha ikiteleza, mzee anaanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika uzee hauponi mbio.

Zamani fimbo ilivalishwa chuma kwa chini, juu mti usipasuke na usioze. Kwa Waluba, fimbo za wakubwa zilizungushiwa waya wa shaba, na nyingi zilikuwa na chuma chenye ncha, kwa kuzisimika katika udongo. Katika udongo chuma kinashika vizuri. Lakini juu ya sima ao karo kinateleza.

Mpira ndio uliondoa ile shida. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipewa hati ya ufundi wa kupika mpira pamoja na salfa, usilainike kwa joto wala kuwa mgumu kwa baridi. Leo fimbo nyingi na magongo yanavaa kofia ya mpira yenye mistari kwa chini.

Ile mistari ndiyo inashika. Ikiisha, mpira unateleza, zaidi wakati wa mvua. Watu wengine wanapigilia kipande cha mpira wa motokari kwa musumari. Mpira ukilika, kichwa cha musumari kinatokea na kinateleza sawa chuma.

Kila juma pindua fimbo, toa vumbi na matope, angalia mistari. Ukinunua kofia mpya, beba fimbo yenyewe ipimwe: isilegee.