Sahihi ya nani? Historia ya viraka vya programu huria, kutoka Helsinki hadi Brussels

Kila mwaka, Januari inapokwisha au Februari inapoanza, kumbi za Chuo Kikuu Huru cha Brussels, katika eneo la Solbosch, hufurika watu waliokuja kuzungumzia programu za kompyuta. Hakuna kiingilio, wala hakuna orodha ya kujiandikisha. Mkutano huo, ujulikanao kwa jina la FOSDEM, ulianzishwa na Mbelgiji Raphaël Bauduin, na ulifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2001. Kilomita chache kutoka hapo yako makao ya Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya.

Majirani hao wawili wamewahi kuvutana vikali mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya hataza za programu, na mvutano huo ulikwisha tarehe 6 Julai 2005, Bunge la Ulaya lilipoutupa mswada uliohusika kwa kura 648 dhidi ya 14. Mara ya pili ilianza mwaka 2022, na swali lake lilikuwa gumu zaidi: mtu akileta rekebisho katika programu inayotumiwa duniani kote, na rekebisho hilo likaleta madhara, nani wa kujibu?

Rekebisho la namna hiyo huitwa kiraka, na jina hilo lina asili yake. Zamani, kompyuta ziliposoma maagizo kutoka katika karatasi zilizotobolewa, fundi aliyegundua kosa alibandika kipande cha karatasi juu ya tundu lisilotakiwa. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall alitunga programu ndogo iitwayo patch, maana yake kiraka hichohicho. Tangu hapo mtu aliweza kuandika tofauti tu kati ya maandishi ya zamani na mapya, akaituma kwa barua pepe, na mwenzake wa bara jingine akaibandika mahali pake kwa amri moja.

Lakini kiraka hakijibandiki chenyewe. Yuko mtu anayekisoma, anayekijaribu na kuamua kama kiingie au kirudi kwa mwenyewe. Huyo ndiye msimamizi. Programu huria ni ya wote kwa maana kwamba kila mtu ana haki ya kuisoma, kuinakili na kuibadilisha nakala yake. Hata hivyo nakala kuu, ile ambayo wengine wote huichukua, ina mlango, na mlangoni amekaa mtu. Mara nyingi mtu huyo halipwi.

Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoutangaza mradi wake Agosti 1991, msimamizi wa Linux alikuwa yeye peke yake. Miaka michache baadaye viraka vilimzidi. Vingine vilipotea bila jibu, na waliovituma walinung'unika. Ndipo kazi ikagawanywa: huyu akasimamia mawasiliano ya mtandao, yule uhifadhi wa mafaili, na majina yao yakaandikwa katika faili moja liitwalo MAINTAINERS. Kanuni nazo zikajengeka. Kiraka kimoja kifanye jambo moja. Aliyekileta aeleze tatizo ni lipi, si kuorodhesha alichobadilisha tu. Kisivunje kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana. Hii ya mwisho Torvalds aliisimamia kwa ukali uliowaumiza wengi, na mwaka 2018 aliomba radhi hadharani kwa lugha yake.

Kanuni iliyo nzito kuliko zote ilizaliwa mahakamani. Machi 2003 kampuni ya SCO ya Marekani iliishtaki IBM, ikidai fidia ya dola bilioni 1 na kushikilia kwamba maandishi ya mfumo wa Unix yaliingizwa katika Linux bila haki. Dai hilo lilifichua udhaifu ambao hakuna aliyekuwa ameujali. Maelfu ya viraka vilikuwa vimepokelewa kwa kuaminiana, na kuhusu vingi hapakuwa na karatasi ya kuonyesha kilitoka kwa nani na kilipitia mikono ya nani. Mei 2004 Torvalds alipendekeza dawa yake. Kila mleta kiraka aweke chini yake mstari wa sahihi: jina, anwani na tamko kwamba kazi hiyo ni yake au ana haki ya kuitoa. Kila msimamizi anayeipitisha aongeze mstari wake. Kwa hiyo kiraka kinachofika kwa Torvalds hubeba mlolongo wa majina, kama hadithi ya Mtume inavyobeba isnadi yake, fulani kutoka kwa fulani. Mwaka uliofuata Torvalds alitunga Git, chombo kinachohifadhi mlolongo huo, ambacho leo kinatumiwa hata na wasioijua Linux.

Mambo hayo hayakuwa mbali na Afrika ya Mashariki. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Huko Eldoret, Kenya, hospitali na zahanati za mpango wa AMPATH zilianza mwaka 2006 kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI kwa OpenMRS, programu huria inayoendelezwa na watu wa nchi nyingi. Na kila simu ya Android inayouzwa Kariakoo au River Road ina kiini cha Linux ndani yake. Aliyeinunua hajui kwamba usalama wake unategemea sahihi za watu asiowajua.

Kwamba sahihi peke yake haitoshi, ilionekana katika OpenSSL, programu inayofunga mawasiliano ya siri ya tovuti nyingi duniani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2011, saa moja kabla ya mwaka mpya, msimamizi alipokea kiraka kutoka kwa mtafiti wa Kijerumani. Mleta kiraka alikuwa mtu mwema, na msimamizi naye alikuwa na ujuzi. Wote wawili hawakuona kwamba programu ilisahau kupima urefu wa ujumbe. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, iliachwa wazi hadi Aprili 2014, na kupitia humo mgeni aliweza kuchota siri kutoka kumbukumbu ya seva. Dunia ilipouliza walinzi wako wapi, ilijibiwa kwamba mradi ulikuwa na mfanyakazi mmoja wa kudumu na ulipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Mabenki yalikuwa yakiutumia bure.

Brussels ilianza kuamka hapo. Wabunge wa Ulaya Julia Reda wa Ujerumani na Max Andersson wa Sweden walipata yuro milioni 1 kwa ajili ya mpango wa kukagua programu huria zinazotumiwa na taasisi za Umoja wenyewe. Ulikuwa mpango mdogo, lakini fikra yake ilikuwa sahihi: anayefaidika achangie kuziba ufa.

Mswada wa tarehe 15 Septemba 2022 ulikuwa wa namna nyingine. Halmashauri Kuu ilitaka kila bidhaa yenye programu ndani yake, kuanzia jokofu hadi mfumo wa kiwanda, iwe na mtu wa kuwajibika kwa usalama wake. Faini ingefika yuro milioni 15 au asilimia 2.5 ya mapato ya kampuni duniani. Programu huria ilisamehewa iwapo tu haikuwa sehemu ya shughuli za kibiashara, na maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Je, kupokea mchango ni biashara? Msimamizi mmoja akiajiriwa na kampuni, mradi mzima unageuka bidhaa? Aprili 2023 taasisi kadhaa, zikiwemo Eclipse Foundation, yenye makao yake Brussels, ziliandika barua ya pamoja kulalamika kwamba hazikushirikishwa. Maofisa wa Halmashauri walikuwa wamekwisha kufika Solbosch Februari ya mwaka huo kueleza nia yao, mbele ya ukumbi uliojaa wasiwasi.

Inafaa kusema kwamba safari hii watunga sheria walisikia. Katika sheria iliyopitishwa, namba 2024/2847, mzigo umebebeshwa mtengenezaji anayeuza. Yeye akichukua programu huria na kuitia katika bidhaa yake, anajibu kama kwamba ameiandika mwenyewe. Akigundua kasoro ndani yake, lazima amjulishe msimamizi, na akiwa ameandika rekebisho, alikabidhi. Kiraka, kilichokuwa hisani, kimekuwa wajibu. Taasisi zinazolea miradi, ambazo sheria inaziita walezi, zina masharti mepesi na hazitozwi faini. Mtu binafsi anayejitolea ameachwa nje. Kampuni ya Nairobi inayotaka kuuza vifaa Ulaya, kwa upande mwingine, haimo nje. Sheria ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, na ilipanga utekelezaji kamili uanze tarehe 11 Desemba 2027.

Bunge la Ulaya liliipigia kura tarehe 12 Machi 2024: 517 waliunga mkono na 12 walipinga. Siku 17 baadaye, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alieleza kwa nini kuingia katika seva yake kulikuwa kumechelewa kwa nusu sekunde. Ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, kulikuwa na mlango wa siri.

Xz ilisimamiwa kwa miaka mingi na Mfini Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2021 alitokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaleta viraka vizuri, vifupi, vyenye maelezo safi, kama kanuni zinavyotaka. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yakaanza kumsakama Collin: mbona viraka vinachelewa, mbona hampi mwingine nafasi? Collin alijibu kwamba hali yake ya afya ilimpunguzia uwezo, na kwamba kazi hiyo haina malipo. Hatimaye Jia Tan alipewa ufunguo. Kanuni zote za kupokea viraka zilitungwa kumkagua mgeni aliyesimama nje, na huyu sasa alikuwa msimamizi. Aliuficha mlango wake katika mafaili ya majaribio, ambayo watu hawana desturi ya kuyasoma, akatoa toleo 5.6.0 na kisha 5.6.1.

Jia Tan alitoweka, na hadi leo hajatambulika. Collin alirudi kazini, akaupitia mradi wake upya na kuondoa alichokiona kuwa sumu. Toleo lililosafishwa, 5.6.2, lilitoka tarehe 29 Mei 2024, likiwa na sahihi yake.