Edodo

Edodo ni maziwa makavu ya unga ambayo wafugaji wa Kiturkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, huyaweka akiba. Hutengenezwa wakati wa mvua (*akiporo*), malisho yanaposhamiri na maziwa kuzidi mahitaji. Maziwa hutikiswa kibuyuni mpaka siagi ijitenge. Siagi huyeyushwa kuwa samli. Maziwa yaliyobaki huchemshwa, kisha humwagwa juu ya ngozi iliyotandazwa juani. Yakikauka hupondwa na kutiwa katika mifuko ya ngozi. Kiangazi (*akamu*) kikifika, unga hukorogwa kwa maji au damu, au huchanganywa na matunda ya porini.

Edodo si jibini: hayagandishwi kwa kimeng'enya wala kuachwa yaive kwa miezi. Tena ni chakula cha njaa zaidi kuliko cha karamu. Kinywaji cha sherehe ni *ngagwe*, pombe ya nafaka. Kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, kama vile Eliye Springs, penye chemchemi za maji matamu na mikoma, kinachoanikwa zaidi si maziwa bali samaki.