Miguel Sabido na Mhusika Anayeyumba

Historia ya tamthilia za mfululizo zinazokusudia kuelimisha haielezeki bila kumtaja Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni wa Meksiko aliyezaliwa mwaka 1937. Katika Ven conmigo (1975–76) alihimiza elimu ya watu wazima. Katika Acompáñame (1977–78), uzazi wa mpango. Aliwagawa wahusika wake mafungu matatu: wema, waovu, na wanaoyumba baina yao. Hawa wa mwisho ndio waliokusudiwa kumwongoza mtazamaji, kwani hujifunza kwa kuumia.

Mbinu hiyo ilifika kwetu mwaka 1987, Sauti ya Kenya ilipoonyesha Tushauriane kwa Kiswahili. Mwaka 1993 Radio Tanzania ikaanza kutangaza Twende na Wakati. Humo Tunu ndiye aliyepewa kazi ya kuyumba na kujirekebisha. Lakini jina lililoingia vinywani mwa wasikilizaji ni la mumewe mwovu, Mkwaju, dereva wa lori, likawa neno la kumsutia mwanamume asiyetulia.

Je, nadharia ilishindwa? La hasha. Mtayarishaji hupanga funzo, bali wenye lugha ndio wachaguao neno la kulibebea. Mhakiki asiyesikiliza mazungumzo yao atakuwa amesoma nusu ya kazi.