HISTORIA FUPI YA FIDIA KWA WALIODHURIKA BAADA YA KUCHANJWA



Baada ya hesabu za fedha na habari za mazishi na karo, twaona yafaa kuweka katika kitabu hiki habari ya jambo ambalo huulizwa mara kwa mara na wazazi wa Ruiru na Thika: ikiwa mtu amechanjwa kwa faida ya watu wote, naye akapata kilema, ni nani atakayeubeba mzigo wake?

Kwanza lisemwe wazi kwamba hatuandiki ili mtu aikimbie chanjo. Ndui iliyokuwa ikifuta vijiji imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umetokomea. Kazi hiyo ilifanywa na chanjo. Madhara makubwa hutokea kwa watu wachache sana, lakini kwa yule aliyepatwa, uchache huo si faraja.

Neno fidia si geni kwetu. Katika desturi ya Wakikuyu, mwanamume akiuawa, kiama cha wazee kiliamua malipo ya mbuzi na kondoo 100, nao ukoo mzima ulichanga. Hata kama kifo kilikuwa cha bahati mbaya, malipo yalitolewa, kwa maana wazee walitazama zaidi pengo lililoachwa kuliko nia ya aliyelisababisha. Na mwanachama anayefanya kazi katika machimbo ya mawe au shamba la kahawa anajua kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyeumia haki ya kulipwa pasipo kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Yafaa tukumbuke mambo haya mawili tunaposoma yaliyotokea kwingine.

Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930, watoto wachanga walipewa chanjo ya kifua kikuu iliyokuwa imechanganyika na vijidudu vikali katika maabara. Watoto 72 wakafa. Kosa lilionekana, na mwaka 1932 mahakama ikawahukumu madaktari wawili kifungo. Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya shauri, ambapo mwenye kosa hujulikana.

Aina ya pili ni ngumu zaidi. Mwaka 1955, huko Marekani, baadhi ya chanjo za ugonjwa wa kupooza zilizotengenezwa na kampuni ya Cutter zilitoka zikiwa na virusi hai. Watu wapatao 200 walipooza, na 10 wakafariki. Shauri la Gottsdanker liliposikizwa California, baraza la wazee wa mahakama lilikata neno mwaka 1958 kwamba kampuni haikuwa na uzembe, na hata hivyo lazima ilipe, kwa sababu aliyeuza dawa aliahidi kwa kitendo chake kwamba dawa ni salama. Hukumu hiyo iliwasaidia walioumia. Lakini mashtaka ya namna hii yalipozidi miaka iliyofuata, watengenezaji wengine waliacha kazi ya chanjo, na serikali zikahofia kwamba dawa itakosekana.

Ndipo likaja wazo la tatu, kwamba jamii nzima ilipe. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua mwaka 1953 kwamba aliyeumizwa na chanjo ya lazima ya ndui amejitoa kwa ajili ya wote, basi hazina ya wote imlipe. Sheria ikafuata mwaka 1961. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1979, kwa malipo ya pauni 10,000, ambayo tangu mwaka 2007 ni pauni 120,000. Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 na kuanzisha mfuko unaojazwa kwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, mfuko hauondoi kazi ya ushahidi. Mwaka 1988 mahakama ya Uingereza, baada ya kusikiza mabingwa wengi, ilisema kwamba haikuthibitishwa kuwa chanjo ya kifaduro huharibu ubongo wa mtoto. Jambo lililofuata chanjo si lazima liwe limeletwa na chanjo.

Kwetu sisi, dozi zaidi ya 1,000,000 za chanjo ya Korona zilifika Kenya mwezi wa Machi 2021 kwa mpango wa COVAX. Pamoja nazo ulianzishwa mpango wa fidia kwa nchi 92, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo. Aliyepata kilema cha kudumu aliweza kuomba bila kumshtaki mtu wala kulipa ada. Lakini akikubali malipo, aliacha haki ya kwenda mahakamani. Mwaka huohuo Afrika Kusini ilianzisha mfuko wake yenyewe.

Mpango ule ulihusu Korona peke yake. Kwa chanjo nyingine, njia ya raia ni mahakama. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Lakini shauri la madhara dhidi ya Serikali hufunguliwa kwa kawaida ndani ya miezi 12, na dhidi ya mtu au kampuni ndani ya miaka 3. Tena, mali ya Serikali haipigwi mnada hata mdai akishinda, hungoja malipo.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: kadi ya chanjo itunzwe kama hati ya shamba, jina la dawa, namba ya toleo na tarehe viandikwe, mtoto akibadilika apelekwe hospitali mara moja, na habari ifikishwe kwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia mganga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki pia ni hivyo.

Nasi katika Chama tusingoje sheria. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ni mwepesi machoni pa asiyeubeba. Wazee wetu walijua hivyo walipochanga mbuzi na kondoo. Twaomba mkutano mkuu ufikirie kama mfuko wetu wa maafa, uliowekwa kwa ajili ya kifo na moto, uweze pia kumsaidia mzazi kwa nauli ya hospitali na ada ya wakili, kabla miezi 12 haijapita.