Vassanji, Maskinia na Kumbukumbu za Kusini

Miongoni mwa waandishi waliolelewa na jiji la Dar es Salaam, Moyez Gulamhussein Vassanji ana upekee wake. Ameandika riwaya za kihistoria zinazorudi nyuma hadi siku za utawala wa Mjerumani, kisha akaandika riwaya ya kubuni ya kisayansi inayokwenda mbele hadi zama ambazo binadamu wameushinda uzee. Wako wanaoziona kazi hizo kama za waandishi wawili tofauti. Katika makala haya nadai kwamba ni kazi moja inayoongozwa na swali moja: je, mtu anaweza kufanywa mpya kwa kufutiwa kumbukumbu zake? Nadai pia kwamba swali hilo linatuhusu sisi wa Newala na Masasi kuliko tunavyodhani. Nasema hivyo nikiwa mzaliwa wa Mkunya, juu ya uwanda wa Makonde, na nikiwa mwalimu wa historia.

Mwanafizikia aliyegeuka mwandishi

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, katika jamii ya Waismailia wenye asili ya Gujarati. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, na mama akaihamishia familia Dar es Salaam, akawalea watoto kwa biashara ya duka. Mwaka 1970 kijana huyo alikwenda Marekani kusoma fizikia katika chuo cha MIT, kisha akapata shahada ya uzamivu ya fizikia ya nyuklia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1978. Mwaka huohuo alihamia Kanada, akafanya kazi katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Chalk River, na kuanzia mwaka 1980 akawa Toronto, akitafiti na kufundisha chuo kikuu.

Tuutazame wakati wenyewe. Aliondoka Afrika Mashariki miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha. Mwaka uliofuata Serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha, na wengi waliopoteza nyumba walikuwa raia na wakazi wenye asili ya Asia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda. Jamii iliyokuwa imekaa pwani na bara kwa vizazi kadhaa ikatawanyika Uingereza, Kanada na Marekani, ikiacha nyuma misikiti, maduka, makaburi na madeni. Waliokwenda walishauriwa kusahau na kuanza upya. Vassanji alikataa ushauri huo. Usiku, baada ya kazi ya maabara na hesabu, aliandika juu ya mji alioucha.

Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa kanda ya Afrika. Hapo akaiacha fizikia. The Book of Secrets ya mwaka 1994 ilikuwa riwaya ya kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Giller ya Kanada, na mwaka 2003 akaipata tena kwa The In-Between World of Vikram Lall, riwaya ya Kenya ya Mau Mau na ya ufisadi baada ya uhuru.

Gunia, shajara na mwembe wa kunyongea

Katika The Gunny Sack, msimulizi Salim anarithi gunia kuukuu lililojaa vikorokoro, na kila kitu kinachotolewa humo kinafungua kisa cha ukoo. Katika chimbuko la ukoo huo yuko Bibi Taratibu, mwanamke mtumwa aliyezaa na mfanyabiashara Mhindi, Dhanji Govindji. Jamii ingependa kumsahau bibi huyo. Gunia halimsahau. Kwa kumweka Bibi Taratibu mwanzoni mwa nasaba, Vassanji anawaambia watu wake mwenyewe kwamba usafi wa damu wanaojivunia ni hadithi iliyotungwa kwa kufuta jina la mtu.

Katika The Book of Secrets, mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam, Pius Fernandes, anapata mwaka 1988 shajara ya Alfred Corbin, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa mpakani mwa Kenya na Tanganyika karibu na Kilimanjaro kuanzia mwaka 1913. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inapopiganwa katika nyika ile, wenye maduka na watumishi wanabanwa kati ya Mwingereza na Mjerumani. Katikati ya kisa yuko Mariamu, aliyeiiba shajara hiyo, na mtoto wake ambaye baba yake hajulikani kwa hakika. Mwalimu Fernandes anachunguza kama mwanahistoria: anapanga tarehe, anahoji waliobaki, anaandika. Hatimaye anatambua kwamba shajara ya mtawala inajua mengi juu ya mtawala na machache sana juu ya Mariamu. Kila mwanafunzi wangu anayefungua jalada la kikoloni katika Nyaraka za Taifa hukutana na ukuta huohuo.

Riwaya iliyo karibu zaidi na sisi ni The Magic of Saida ya mwaka 2012. Daktari Kamal Punja, mtoto wa mama Mwafrika na baba Mhindi, anarudi Kilwa kutoka Edmonton kumtafuta Saida, rafiki yake wa utotoni. Akiwa mtoto alitenganishwa na mama yake, akapelekwa Dar es Salaam kwa ndugu wa baba ili afanywe Mhindi. Riwaya inachanganya kisa chake na kisa cha mzee mshairi wa Kilwa anayetunga juu ya kuja kwa Wajerumani, na inafika hadi Majimaji na mwembe ambao watu walinyongwa. Kamal amefanikiwa katika maisha yake mapya, lakini mafanikio hayo hayakuzima swali la nani alikuwa kabla ya kubadilishwa.

Maskinia

Mwaka 2016 ndipo ilipotoka Nostalgia, na wasomaji wengi wakashangaa. Tuko Toronto ya wakati ujao. Sayansi imewapa wenye uwezo maisha marefu mno, lakini akili ya mtu haiwezi kubeba kumbukumbu za maisha yote hayo bila kuchoka. Dawa yake ni kufuta maisha ya awali na kupandikiza mengine: utoto mpya, wazazi wapya, huzuni na furaha zilizobuniwa na wataalamu. Tatizo ni kwamba kumbukumbu za zamani wakati mwingine huvuja, na mtu anayevujiwa yuko hatarini kuharibikiwa akili. Dokta Frank Sina kazi yake ni kuziba mivujo hiyo. Anapoletewa mgonjwa mmoja ambaye vyombo vya usalama navyo vinamfuatilia, daktari anaanza kuyatilia shaka maisha yake mwenyewe.

Nje ya dunia hiyo ya starehe, ng'ambo ya mpaka mrefu unaolindwa, iko nchi ya ufukara na vita ambayo watu wa Toronto huitazama kwenye taarifa za habari. Nchi hiyo inaitwa Maskinia. Msomaji wa Kiingereza hupita juu ya jina hilo bila kusimama, ilhali msomaji wa Kiswahili husikia neno la nyumbani papo hapo. Mwandishi aliyeondoka Dar es Salaam akiwa kijana amelichukua neno letu na kulipa bara zima la wakati ujao, bara la waliofungiwa nje.

Hapa ndipo kazi mbili zinapokuwa moja. Kinachofanywa na teknolojia katika Nostalgia ndicho kilichofanywa na jamii kwa Bibi Taratibu, na na ndugu wa baba kwa Kamal. Mtu anapewa maisha mapya kwa sharti kwamba asiulize juu ya yale ya kwanza. Vassanji ameipeleka hoja yake mbele hadi wakati ujao ili tuione vizuri zaidi, kama mwanafizikia anavyokuza kipimo ili jambo dogo lionekane.

Waliofanywa wapya Masasi na Newala

Sasa tuitazame nchi yetu wenyewe kwa jicho hilo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule mtaalamu wa sarufi ya Kiswahili, aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar hadi Masasi. Watu hao walikuwa wametekwa sehemu mbalimbali, wengine wakiwa watoto. Walipewa kijiji kipya, dini mpya na, mara nyingi, majina mapya. Wema wa nia siupingi. Nasema tu kwamba tunayo majina ya wamisheni wote, na katika kumbukumbu nyingi majina ya kwanza ya waliokombolewa hayapo.

Mwaka 1905 Majimaji ilifika Masasi na misheni ikachomwa. Mwaka uliofuata mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na kupanda Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Nyimbo za watu wetu zilipelekwa Ujerumani zikiwa zimechorwa kwenye nta, pamoja na barakoa na vyombo vya nyumbani. Kumbukumbu yetu ya mwaka 1906 imehifadhiwa vizuri kabisa, mbali na sisi.

Kisha vita. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma, wakaiteka Newala, na kabla mwaka haujaisha Wajerumani wakawafukuza. Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma likipita katika uwanda wetu, na tarehe 25 likavukia Msumbiji. Vita hiyo ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, na ilikula vyakula vya wanakijiji. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, ila hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Miaka ya 1970, wakati vita ya ukombozi wa Msumbiji ikiunguruma ng'ambo ya mto, watu wa uwanda walihamishiwa vijiji vipya. Huduma zilifuata: shule, zahanati, ofisi. Nyuma yalibaki mahame, yaani makaburi na mikorosho iliyopandwa na wazee. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia sana. Umbali kati ya mkulima na mikorosho yake nao ulichangia. Hadi leo mgogoro wa shamba unapofika barazani, ushahidi wa upande mmoja ni karatasi, na wa upande wa pili ni mzee anayekumbuka mwembe ulikuwa wapi. Mzee huyo akifa, kesi imekwisha.

Ndiyo maana nasema kumbukumbu ni mali. Asiyekuwa nayo huandikiwa maisha na mwenye kalamu.

Upungufu na wajibu

Sifa hizi zisitufanye vipofu. Jicho la Vassanji mara nyingi huanzia dukani: mkulima na mpagazi huingia kama mteja, mtumishi au mpita njia. Hilo ni pengo, na mwandishi aliyekulia nyuma ya kaunta ameandika alichokiona akiwa nyuma ya kaunta. Pia ameandika kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah alisubiri hadi mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Tuzo ya Nobel, ndipo Paradise ikasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. The Magic of Saida, riwaya ya Kilwa yenye mshairi wa Kiswahili ndani yake, inastahili heshima hiyohiyo bila kungoja tuzo ya Stockholm.

Lakini pengo la mpagazi halitazibwa na Vassanji. Yeye amefanya ya jamii yake, na amewafichulia hata aibu zao. Ya Mkunya, Mahuta, Chiwata na Lulindi ni yetu.

Kwa wanafunzi: tasnifu moja yenye majina hamsini ya wapagazi, yaliyokusanywa koo kwa koo, itadumu kuliko marudio kumi ya nadharia za wengine. Kwa watumishi wa umma katika halmashauri zetu: madaftari ya Operesheni Vijiji yaliyobaki kwenye makabati ni hati za historia na za haki, na mchwa hawasubiri bajeti. Kwa wanaharakati: mnapodai kurejeshwa kwa mifupa na vinyago kutoka Ujerumani, dai nakala za sauti nazo, maana wajukuu wa waimbaji wale bado wako Newala, na wanaweza kuzitambua nyimbo ambazo mtaalamu wa Leipzig hawezi.

Jamii ya Dokta Sina ilidhani amani hupatikana kwa kuziba kila mvujo. Sisi tuna nafasi ya kufanya kinyume chake: kukaa na wazee, kuwasha kinasa sauti, na kuuliza jina la kwanza lilikuwa lipi.